Nilitoa nyota tano, sasa naulizwa

Nianze kwa kukiri. Mwaka jana nilitoa ushahidi wa jambo ambalo sikulishuhudia. Sikupanda kizimbani wala sikuitwa na kadhi. Nilikuwa nimekaa sebuleni kwangu na kikombe cha chai ya tangawizi, nikaandika mistari minne kwenye simu, nikabonyeza nyota ya tano, nikaendelea na chai yangu. Kazi yote hiyo ilichukua muda mfupi kuliko kutia udhu. Ningekuwa nimeisahau kabisa, lau si mtu mmoja kunishika mkono nje ya msikiti baada ya swala ya Ijumaa.

Kisa chenyewe ni hiki. Mdogo wangu wa kike, mjane mwenye watoto watatu, anapika chakula cha shughuli hapo Magomeni. Alianza kwa sambusa na katlesi za kuuza jioni, akapanda kwenye sinia za biriani za Ijumaa, kisha akaanza kupokea oda za akika na vikao vya harusi: watu 30, watu 40, mara chache watu 60. Anapika vizuri. Hilo nalisema kwa ushahidi wa mdomo wangu mwenyewe, maana biriani yake nimeila Ijumaa nyingi kuliko ninazoweza kuhesabu.

Mwanawe mkubwa, mpwa wangu, anasoma mambo ya kompyuta chuoni. Yeye ndiye aliyeliweka jiko la mama yake kwenye ramani ya Google, pamoja na picha, namba ya simu na saa za kazi. Jambo zuri kabisa. Siku hizi mtu wa Tabata au Kigamboni akitaka mpishi haanzi kwa kuulizia barazani, anaanza kwa kuiuliza simu yake. Simu inamletea orodha, na chini ya kila jina kuna nyota na maneno ya wateja waliotangulia. Tatizo ni kwamba jiko la mama yake halikuwa na nyota hata moja. "Mjomba," aliniambia, "biashara isiyo na nyota ni kama haipo." Basi akatuma ujumbe kwenye kundi la WhatsApp la ukoo: kila mmoja aandike maoni mazuri, atoe nyota tano, amsaidie mama.

Ukoo wetu ni mkubwa na tunapendana, alhamdulillah. Ndani ya siku mbili yalipatikana maoni 27. Shangazi yetu aliyeko Muscat, ambaye hajakanyaga Dar es Salaam tangu mwaka 2011, aliandika kwamba chakula kilimfikia kikiwa bado cha moto. Mpwa wangu mwenyewe aliandika kwa jina la kubuni. Mimi niliandika kwa jina langu kamili kwamba niliagiza chakula cha shughuli ya watu 100, kikafika mapema, kikatosha na kubaki. Sijawahi kuagiza chakula cha watu 100 maishani mwangu. Niliona nampa mdogo wangu sadaka, tena sadaka nyepesi, isiyogusa mfuko.

Yule aliyenishika mkono namfahamu kwa sura tu, huswali safu ya nyuma yangu. Akaniuliza kama ni mimi niliyeandika habari za mama mpishi wa Magomeni. Nikasema ni mimi. Akanieleza kwamba miezi miwili kabla alimwoza binti yake, na chakula cha walima, cha watu 150, alikiagiza kwa mdogo wangu. Kilitakiwa baada ya swala ya adhuhuri. Kirikuu iliyobeba masufuria ilifika alasiri imekaribia, na chakula kikaisha kabla ya kuwafikia wageni wa upande wa bwana harusi, waliotoka Tanga tangu alfajiri. Ilibidi atume vijana wakanunue chipsi. Wewe unayejua maana ya wakwe katika mila zetu, piga picha wakwe wanaletewa chipsi kwenye walima.

Hakupiga kelele. Ningefurahi kama angepiga. Alisema maneno machache: yale maoni mengine hakuyaamini, alijua ni ya ndugu zake. Aliamini la kwangu, kwa sababu ananiona msikitini. Kisha akaagana nami, akaenda kutafuta viatu vyake.

Jioni ile nilikwenda Magomeni kumuuliza mdogo wangu, na huko nikapata jambo ambalo sikulitarajia. Oda ya watu 150 ilipokuja yeye mwenyewe aliogopa. Hakuwahi kupikia zaidi ya watu 60. Lakini yule bwana alimwambia kwenye simu kwamba amesoma kuwa alishapikia watu 100 na chakula kikabaki. "Ningesemaje, kaka?" aliniuliza. "Niseme kwamba kaka yangu ni muongo?" Akaichukua oda, akaazima masufuria kwa majirani, akaita wasaidizi wawili wasiolijua jiko lake, na akakadiria mchele kwa kubahatisha. Yaliyobaki unayajua.

Nimelifikiria sana hili. Tulidhani tunamdanganya mteja mmoja asiyejulikana, kidogo tu, kwa nia njema. Kumbe maneno yetu yalimgeukia hata yule tuliyetaka kumsaidia, yakamvalisha nguo isiyo ya kimo chake, naye akashindwa kuivua kwa sababu tumemvalisha sisi ndugu zake.

Hebu tujiulize basi, haya maoni ya wateja ni kitu gani hasa? Wengi wetu tunayachukulia kama tangazo la biashara. Mimi nasema si tangazo. Mchuuzi wa Feri akipiga kelele kwamba samaki wake ni wa leo, hakuna anayemshangaa. Ni mali yake, lazima aisifu, na sikio la mnunuzi linajua kupunguza. Lakini mnunuzi mwenzako akitoka na kapu lake, akakunong'oneza kwamba pale kwa fulani samaki ni wazuri, unamsikiliza kwa sikio jingine. Yeye hana anachouza. Thamani yote ya neno lake imo katika kutokuwa kwake na faida. Huyo ni shahidi. Na ile nyota kwenye simu inaaminiwa kwa sababu hiyo tu: msomaji anadhani aliyeitoa ni mnunuzi mwenzake aliyetangulia. Mwenye duka anapoitoa yeye mwenyewe, au kwa mkono wa shangazi yake, anachukua tangazo na kulivika kanzu ya ushahidi.

Na ushahidi, katika dini yetu, si jambo la mchezo. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alipokuwa akiyataja madhambi makubwa alikuwa ameegemea, alipofika kwenye ushahidi wa uongo aliinuka akakaa, akaendelea kulirudia neno hilo mpaka masahaba wakatamani lau angenyamaza. Mara ngapi tumeisikia hadithi hiyo kwenye hotuba, tukafikiria mahakama na viwanja vya kugombea urithi? Simu hatukuifikiria.

Bayhaqi amepokea kisa cha Sayyidna Umar (r.a.) ambacho nilikisoma zamani bila kujua kwamba siku moja kitanihusu. Mtu mmoja alikuja kumtolea mwenzake ushahidi wa wema. Umar akamuuliza kama ni jirani yake anayejua kuingia na kutoka kwake. Hapana. Amewahi kufanya naye biashara ya dinari na dirhamu, ambayo ndiyo huonyesha uchamungu wa mtu? Hapana. Amewahi kusafiri naye? Hapana. Basi, akaambiwa, wewe humjui. Tazama namna maswali yale yalivyo ya kawaida. Umar hakuuliza kama yule shahidi ni mtu mwenye nia njema. Aliuliza amejuaje. Mimi kwa mdogo wangu ningejibu ndiyo kwa ujirani na safari. Kwa dinari na dirhamu, yaani kuagiza chakula, kulipa, na kusubiri kirikuu na wageni wamekaa, ningejibu hapana, na hilo ndilo pekee alilotaka kulijua yule bwana wa walima.

Kuna jina jingine la kifiqhi linaloingia hapa: najash. Ni ile hali ya mtu asiyetaka kununua kujitokeza sokoni akapandisha bei au kuisifu bidhaa ili mnunuzi wa kweli ahadaike, na Mtume (s.a.w.) aliikataza. Wanazuoni waliizungumzia zaidi kwenye mnada, kwa sababu mnada ndio uliokuwa mahali pa watu kutazamana na kufuatana. Sidhani nimevuka mpaka nikisema kwamba ukoo mzima kujipanga kwenye simu, wakijifanya wanunuzi, ni jambo la aina hiyohiyo. Mwenye elimu zaidi yangu anisahihishe.

Sasa asidhani mtu kwamba namdharau mpwa wangu. Hoja yake ina uzito, na takwimu ziko upande wake. Mwaka 2011 Michael Luca wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, aliandika utafiti kuhusu migahawa ya mji wa Seattle na maoni ya wateja kwenye mtandao uitwao Yelp. Aligundua kwamba nyota moja ya ziada iliongeza mapato ya mgahawa kwa kati ya asilimia 5 na 9. Tena ongezeko hilo lilikuwa la migahawa inayojitegemea, si ile ya makampuni makubwa yenye matawi kila mahali. Sababu inaeleweka. Kampuni kubwa inajulikana kwa jina lake, haihitaji shahidi. Mama mwenye jiko moja la mkaa na moja la gesi hana jina, ana maneno ya watu tu. Kwa hiyo yule mnyonge ndiye anayehitaji nyota zaidi, na ndiye mwenye kishawishi kikubwa zaidi cha kuzitengeneza. Ukiongeza kwamba jirani ng'ambo ya barabara ana nyota tano 200, na kila mtu mtaani anajua zimetoka wapi, utamwelewa kijana anayemwona mama yake akirudi na sinia mbili hazijauzwa.

Lakini angalia mwisho wa njia hiyo. Mwaka 2017 huko London kijana mmoja mwandishi, Oobah Butler, aliamua kulipima jambo hili. Kabla ya hapo alishawahi kulipwa paundi 10 kwa kila maoni ya uongo aliyoandikia migahawa. Akachukua kibanda kilichokuwa kwenye bustani ya alikoishi, mtaa wa Dulwich, akakiandikisha kwenye mtandao wa Tripadvisor kama mgahawa unaopokea wageni kwa miadi tu. Picha za chakula alizitengeneza kwa vitu kama povu la kunyolea ndevu. Marafiki zake wakaandika maoni. Mwezi wa Novemba mwaka huohuo kibanda kile, ambacho hakijawahi kupika hata yai, kikawa mgahawa namba moja wa London, juu ya migahawa zaidi ya 18,000. Watu wakapiga simu kuomba nafasi, wakaambiwa pamejaa.

Watu walicheka sana kwa kisa kile, na mimi nilicheka nilipokisoma. Baada ya ile walima sicheki tena. Wako wapi wale wapishi wa kweli waliosukumwa chini ya kibanda? Kila nyota ya uongo inayopanda, kuna mtu mkweli inayemshusha, naye wala hajui kwa nini simu yake imenyamaza.

Wenzetu wameanza kuliwekea sheria. Marekani, tume yao ya biashara ilitoa kanuni inayopiga marufuku kununua na kuuza maoni ya uongo, na kanuni hiyo ikaanza kutumika Oktoba 2024. Uingereza ikafuata, sheria yao ikaanza kazi Aprili 2025. Hapa kwetu Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi, na sioni kwa nini nyota isiingie humo. Lakini sheria haitamkuta shangazi Muscat, wala haitakuja sebuleni kwangu kuuliza kama nililipia ile biriani. Jambo hili, kwa watu wadogo kama sisi, limebaki baina ya mtu na Mola wake.

Nirudi kwenye kisa, maana hakikuishia msikitini. Kumbe yule bwana naye alikuwa ameandika. Nyota moja. Alieleza kuchelewa, kupungukiwa na aibu ya wakwe, akamalizia kwa neno "tapeli". Mpwa wangu alipoliona alitaharuki. Kikaitishwa kikao cha familia, na rai ya wengi ikawa hii: arudishiwe nusu ya fedha yake kwa sharti kwamba ayafute maneno yale. Mzee mmoja wa ukoo, mtu wa heshima, akaongeza kwamba ni wajibu wa Muislamu kumsitiri mwenzake, na kwamba kuanika kosa la mama mjane mbele ya ulimwengu mzima ni ghiba. Nilimwona mdogo wangu akitazama chini.

Hapo ndipo nilipolazimika kufikiri kweli, maana sitara ni kitu kikubwa, nami naipenda. Kasoro ya mtu katika mambo yake ya siri, baina yake na Mola wake, inasitiriwa. Je, kasoro ya mtu katika mkataba aliouweka na watu, na anaoendelea kuutoa kwa watu wengine, inasitiriwa vivyo hivyo? Fatima bint Qays (r.a.) alipoposwa na watu wawili alikwenda kutaka ushauri kwa Mtume (s.a.w.), naye akamweleza bila kuficha kwamba mmoja ni maskini asiye na mali na mwingine fimbo haimtoki begani. Imo katika Muslim. Imam Nawawi katika Riyadhus Salihin ametaja hali sita ambazo kumsema mtu asiyekuwepo kunaruhusiwa, na miongoni mwake ni aliyedhulumiwa kupeleka malalamiko, na kuwatahadharisha Waislamu na shari. Na elimu nzima ya hadithi imesimama juu ya jambo hilo. Wanazuoni kama Yahya ibn Ma'in walitumia umri wao kupima wapokezi mmoja mmoja: huyu mwaminifu, huyu dhaifu, huyu muongo. Hawakuwa wanasengenya. Walijua wakinyamaza kwa ajili ya heshima ya mpokezi mmoja, umma utabeba hadithi zisizo na asili.

Lakini elimu hiyohiyo ilikuwa na adabu zake. Msema kasoro alisema kasoro inayohusika na upokezi, basi. Hakuingia nyumbani kwa mtu. Na hapa yule bwana alivuka. Kuchelewa alikuona, kupungukiwa alikuona. Utapeli hakuuona, kwa sababu tapeli ni mwenye kukusudia kuchukua fedha bila kazi, na mdogo wangu hakukusudia. Neno lile halikuwa ushahidi, lilikuwa hasira. Na ukisema la mtu lisilo kweli, hiyo si ghiba tena, ni buhtani, nayo ni nzito zaidi.

Nikasema kikaoni kwamba fedha arudishiwe, lakini bila sharti lolote. Kama ana haki ya nusu, ni haki yake akifuta au asipofuta. Tukiifunga haki yake kwenye ulimi wake, tunakuwa tumemlipa shahidi ili anyamaze, na sijui jina jingine la kitendo hicho isipokuwa rushwa. Mzee hakufurahi. Mpwa wangu alitoka nje. Mdogo wangu ndiye aliyekata shauri, akachukua kibubu chake.

Nilikwenda mimi kupeleka ile fedha. Nikamwambia yule bwana hatuombi afute, ila kuna neno moja tu ambalo namwomba alitazame upya. Akasoma tena alichoandika, akakaa kimya, kisha akaliondoa neno "tapeli" mbele yangu. Nyota akaiacha palepale ilipo, moja. Ndiyo aliyoiona.

Tuliporudi kwenye hesabu, maoni ya ukoo yakaanza kufutwa. Kazi ilikuwa ngumu kuliko nilivyodhani. Shangazi alisema yeye anampenda binti wa kaka yake na hataki kuonekana amegeuka. Mimi nilitaka kuliandika langu upya, niseme ukweli: mimi ni kaka yake, sijawahi kuagiza, lakini biriani ya Ijumaa naijua. Wanafiqhi wengi hawaukubali ushahidi wa mzazi kwa mwanawe wala wa mwana kwa mzazi wake, lakini wa ndugu kwa ndugu wengi wanaukubali pasipo na tuhuma. Nikajiona nimepata mlango. Kisha nikajiuliza, tuhuma gani kubwa kuliko ya mtu aliyekwisha kusema uongo kuhusu jambo lilelile? Nikalifuta.

Mpwa wangu, ambaye hakati tamaa, akaja na mpango mwingine, safi zaidi kwa sura. Tusiandike sisi. Tuwaombe wateja wa kweli, lakini kwanza tuwapigie simu kuwauliza wameonaje chakula. Aliyefurahi tunamtumia kiungo cha kuandikia maoni. Aliyekasirika tunamwomba radhi, na kiungo hatumtumii. "Hapo, mjomba, kila neno litakuwa la kweli."

Ni kweli kila neno litakuwa la kweli. Na lundo zima litakuwa la uongo. Nilimkumbusha ile hadithi ya muuza nafaka, aliyoipokea Muslim. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni, akatia mkono ndani ya lundo la chakula, vidole vyake vikakuta maji. Mwenye mali akasema ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini basi asiiweke ile iliyolowa juu, watu waione. Zile punje kavu za juu hazikuwa za uongo. Zilikuwa kavu kweli. Kosa lilikuwa kwenye mpangilio. Kuna kampuni ya nguo ya Marekani, Fashion Nova, ambayo mwaka 2022 ilikubali kulipa dola milioni 4.2 baada ya kutuhumiwa kwamba kwa miaka kadhaa ilizuia maoni ya chini ya nyota nne yasionekane kwenye tovuti yake. Hata Google katika masharti yake inakataza kuchagua wateja waliofurahi tu ili waandike, na inakataza kumpa mtu punguzo la bei kwa ajili ya maoni. Sikutegemea kukuta muuza nafaka wa Madina kwenye masharti ya kampuni ya California, lakini nilimkuta.

Kwa hiyo sasa utaratibu wa Magomeni ni huu. Kila aliyechukua chakula, siku ya pili anapata ujumbe mmoja, wenye maneno yaleyale: asante, kama una nafasi andika ulivyoona, zuri au baya. Hakuna soda ya bure. Hata aliyegomba kuhusu kachumbari anatumiwa. Wengi hawaandiki, na hilo nalo linanisikitisha, maana mteja aliyekula akashiba akanyamaza anamwachia aliyekasirika uwanja peke yake. Sisi Waislamu tunajua kwamba shahidi akiitwa hafai kukataa. Tunalijua kwa mambo ya mikopo. Kwa mama aliyekupikia vizuri, kuandika sentensi moja kunatushinda.

Chini ya ile nyota moja mdogo wangu ameandika jibu, nami nilimsaidia tahajia tu: kwamba ni kweli chakula kilichelewa na kilipungua, kwamba alichukua oda kubwa kuliko uwezo wake, kwamba amerudisha nusu ya fedha, na kwamba kwa sasa hapokei zaidi ya watu 60. Mpwa wangu alisema sentensi ile ya mwisho ni kujifungia mlango. Huenda ni kweli. Miezi hii mitatu oda zimepungua, na ada ya mtoto wa pili imelipwa kwa kuchangiwa, mimi nikiwa mmoja wa wachangiaji. Jirani wa ng'ambo ya barabara bado ana nyota zake 200, na Jumamosi iliyopita nilihesabu bajaji nne zikipakia masufuria kwake.

Maoni ya mdogo wangu sasa ni 11. Yule bwana huitikia salamu yangu, haongezi neno. Juzi mwanamke mmoja wa Kinondoni alipiga simu kutaka bei ya akika ya watu 50, na swali lake la kwanza lilikuwa kuhusu ile walima. Mdogo wangu alimsimulia yote, tangu masufuria ya kuazima mpaka chipsi. Yule mama akasikiliza, akasema atashauriana na mumewe. Mpaka naandika haya hajapiga tena.